Njoo na Gari Kavu

Tone la oili ni mwongo. Utaliona linadondoka chini ya giaboksi, ushushe giaboksi zima, uvunjike mgongo na kuchubuka vidole, kumbe limeanzia juu kabisa kwenye kava la tapeti, kile kifuniko cha injini, likatambaa nyuma ya injini, likasukumwa na upepo wa feni, likashuka kimyakimya mpaka lilipopata pa kuangukia. Marehemu baba alikuwa akiniambia: anzia juu, pakavu, shuka taratibu mpaka ufike pabichi pa kwanza, hapo ndipo nyumbani kwake. Nimeishi kwa maneno hayo, na gereji aliyoniachia ndiyo inayoniweka mjini.

Madereva wananiita Mama Kavu. Mtoto sijajaliwa, lakini jina likishakukaa halikuulizi. Gari linalovuja nalilaza hapa ndani, chini yake natandika boksi lililopasuliwa, la friji au la televisheni, na asubuhi nalisoma. Oili hukaa mahali pamoja, nyeusi, nzito. Dizeli haitulii, hutawanyika ikaacha duara pana lenye harufu. Boksi likiwa na doa hata la punje ya mchele, gari haliondoki. Mwenye haraka atafute gereji nyingine, geti lile pale. Nina hasira, najua, sihitaji kuambiwa.

Basi katika hao madereva alikuwapo mmoja tuliyemwita Polepole. Lori lake la dizeli lilikuwa la zamani mno, vipuri vyake nilivitafuta kwenye magari yaliyokufa, na yeye aliliendesha kwa huruma, wapanda baiskeli wakimpita na kumwamkia. Alibeba mchanga wa ujenzi. Mke wake alifariki zamani, mume wangu naye alifariki zamani, na mtaa mzima ulijua hesabu hiyo bila mtu kuitamka. Isipokuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu anauza chai langoni, na mdomo wake hauna breki. Yeye alimwita Polepole shemeji tangu siku za mwanzo, waziwazi, mbele ya wateja. Shemeji, chai yako hii, sijatia sukari. Namkemea, namrushia tambara lenye grisi, anainama likapita, anacheka. Polepole hakulikataa jina wala hakulikubali. Alipokea kikombe, akaketi kwenye kreti lake lililopinduliwa, akanywa. Mdogo wangu akimgeuzia mgongo huniambia kwa sauti ambayo wote wanaisikia kwamba yule bwana ana domo zege, hajui kutongoza, na mimi nimejifanya ukuta, sasa zege na ukuta vitaoana lini.

Nitakuambia kilichoniponza. Ni taa. Watu hudhani kumshikia fundi taa ni kazi ya yeyote mwenye mkono. Wapi! Wengine wanakumulika usoni, wengine wanamulika wanachotaka kukiona wao, wakichoka wanamulika ukuta. Polepole aliniwekea mwanga palepale jicho langu lilipokuwa linaelekea, kabla sijasema. Nikihama, mwanga umehama. Tuliweza kukaa chini ya lile lori bila neno mpaka chai ipoe, na nikitoka hapo nilikuwa sikumbuki kitu ila ule mwanga. Nilimpenda mtu yule. Nimelisema, limekwisha.

Siku aliyokuja na habari hakuketi. Alisimama karibu na mlango wa lori akaniambia kwamba kazi ya mchanga imekufa, wenye mchanga wamejinunulia malori yao mapya. Lakini amepata nyingine, kubeba mawe kwenye machimbo ng'ambo ya milima, mkataba wa miaka. Sharti lao ni moja. Machimbo yale yako juu ya chanzo cha maji ya kunywa, kwa hiyo gari linalodondosha hata tone moja haliingii. Mkaguzi wao angepita kwangu Jumamosi, na lori likiwa kavu wangeondoka siku hiyohiyo.

Aliyasema yote akitazama viatu vyake. Mimi nilihisi kama mtu amenivutia kiti nikiwa nakaa. Lori likikauka, anaondoka. Na wa kulikausha ni mimi.

"Hongera," nikamwambia. "Liingize ndani."

Hebu niambie, ni kitu gani kile? Mimi ninaweza kumkaripia dereva wa trela mpaka akavua kofia. Neno dogo kama "baki" likanishinda.

Tukaanza kwa kuliosha, maana injini chafu haisemi kweli. Nikaisugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikaimwagia maji ya sabuni, ikakauka juani. Kisha nikachukua poda ya watoto nikainyunyizia injini nzima mpaka ikawa nyeupe. Hapo unawasha, unaiacha ingurume, unaitazama ile poda. Penye uvujaji poda inalowa na kugeuka rangi. Mdogo wangu akapita na birika lake, akauliza tunatengeneza gari au tunamtayarisha bibi harusi. Polepole akatabasamu akiangalia chini, nami nikajifanya sikusikia.

Pa kwanza palikuwa juu, kwenye kava la tapeti. Gasketi yake ilikuwa imekakamaa, ukiigusa inameguka kama biskuti. Nikakata mpya kwa mkono wangu. Pa pili palikuwa kwenye swichi ya presha ya oili, nikaibadilisha. Lakini oili iliendelea kujipenyeza kila mahali, hata kwenye gasketi nilizozifunga mwenyewe siku za karibuni, na hapo nikajua injini haipumui. Ina bomba lake la kupumulia, na lilikuwa limejaa tope jeusi la miaka na miaka. Injini isipopata pa kutolea pumzi huisukuma oili itokee popote penye udhaifu, hata ukaze vipi. Nikalizibua kwa waya, nikalipuliza, oili ikatulia. Nilibaki na lile bomba mkononi kidogo. Kuna jambo lilitaka kunijia kuhusu watu wanaofunga midomo, nikalikatalia, nikaenda kunawa.

Kila nilipomaliza mahali nilifanya ninavyofanya siku zote. Nina kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ambayo kucha zangu hazijawahi kuionja. Nikishakaza bolti nachora mstari mwembamba kutoka kichwani mwake hadi kwenye chuma kinachoishika. Bolti ikisogea, mstari unakatika, vipande viwili haviangaliani tena, na mimi najua. Kichupa alinishikia Polepole. Kile kiganja chake kikubwa na kichupa kile kidogo vilinichekesha kila mara, na kila mara nikakumbuka kwamba wiki ijayo nitakiweka juu ya tairi, wa kukishika hatakuwapo.

Nilitamani kuacha bolti moja ilegee. Nakwambia ukweli. Moja tu, pale pasipoonekana, na Jumamosi mkaguzi angeondoka peke yake. Mdogo wangu aliniona nimesimama na spana bila kufanya kazi, akaniambia mficha uchi hazai, mwambie mwanamume wa watu abaki. Nikamwambia auze chai. Gari la mtu si kamba ya kumfungia, na mkono wangu haujawahi kutoa kazi mbovu kwa makusudi. Nikazikaza zote, nikazichora zote.

Ijumaa asubuhi nikalivuta boksi. Oili hakuna, hata nukta. Lakini katikati palikuwa na duara pana, na harufu yake ilinifikia kabla sijainama. Dizeli.

Nikaingia chini. Polepole akaja na taa, na siku hiyo kwa mara ya kwanza mwanga wake haukutulia, ulikuwa unatetemeka huku na huko nikamwambia ashike vizuri. Ilikuwa bolti ya chini ya filta ya dizeli, ile niliyoikaza jana yake nikaichora mwenyewe. Mstari umekatika. Wala si mtikisiko, gari lililolala linatikiswa na nini? Halafu poda iliyozunguka kichwa cha bolti ilikuwa imefutwa na vidole vya mtu.

Damu ikanipanda. Geti likifungwa jioni hubaki watu wawili tu, Polepole anayelala kwenye kebini ya lori lake, na mlinzi. Mtu hajiibii mwenyewe. Basi nikatoka na spana mkononi mpaka langoni, nikamkuta mlinzi anakunja blanketi lake, nikamvaa. Nikamwita mwizi wa dizeli. Nikamwambia akusanye vitu vyake na asikanyage tena hapa, mbele ya wanywaji chai wote. Mzee wa watu akabaki ameshika blanketi, anasema mwanangu, mimi sijagusa.

"Mwache mzee," sauti ikasema nyuma yangu. "Ni mimi."

Nikageuka. Polepole alikuwa bado ameshika taa, inawaka mchana kweupe.

Nikamuuliza ni yeye nini. Akasema ni yeye aliyelegeza bolti. Hata mdogo wangu akasahau kumimina. Na mimi nilipokuwa namtazama, mambo ya nyuma yakaanza kunirudia moja baada ya jingine: mrija wa dizeli uliolegea mwanzoni mwa mvua, nati ya pampu, ile bolti ya filta iliyolegea safari mbili. Nikamtajia. Kila nilipotaja, akaitikia kwa kichwa. Nikamkumbusha kwamba siku zote hizo aliniambia barabara ni mbovu.

"Barabara ni mbovu kweli," akasema. "Lakini haikuwa barabara."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Walicheka kwa sababu hawakujua nilivyoishi na zile nati. Nilikuwa nakaza mara mbili, naondoka, narudi kukagua tena. Nilianza kupima nguvu za vidole vyangu kwa kubana spana nikiwa peke yangu. Nilishaanza kufikiria nani nimwachie gereji.

"Unajua nilidhani nini?" nikamwambia. "Nilidhani mikono yangu imezeeka."

Akainua uso. Sijawahi kuona mtu mzima akifadhaika namna ile. Akasema hakujua, na nilimwamini, kwa sababu uongo wake wote ulikuwa kwenye bolti, mdomoni hakuwa nao. Akaniambia kwa shida, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu gizani, kwamba alikuwa anataka tu kuja. Lori likiwa kavu, angesema amefuata nini? Na sasa kazi imetokea, mbali, na yeye haendi kwa moyo mmoja.

"Niambie nibaki, Fundi," akasema. "Ukisema, nabaki."

Hilo ndilo neno nililolilalia njaa, na lilikuja limelowa dizeli, mbele ya watu, mlinzi wangu amesimama na aibu niliyompa bure. Nikamtazama yule mwanamume. Akibaki hana kazi. Lori litakula kutu ukutani, naye atakaa kwenye kreti, na mimi kila nikimwona pale nitajiuliza nimebaki na mtu au nimebaki na kilichoshindwa kuondoka. Nilimtaka. Nilimtaka mpaka kifua kikauma. Lakini sikumtaka hivyo.

"Nenda," nikamwambia. "Na ukija tena, njoo na gari kavu."

Nikamwomba radhi mlinzi palepale, kwa sauti ileile niliyomtukania, maana matusi ya hadharani hayaombewi radhi chumbani. Kisha nikarudi chini ya lori. Nikaifungua ile bolti yote, nikachukua washa zake, zile pete nyembamba za shaba, nikazichoma mpaka zikaiva nyekundu, nikazipoza, zikawa laini tena, nikazirudisha. Nikakaza. Polepole akanishikia taa, na mwanga ulitulia. Nilipomaliza kuchora mstari, mkono wake na mkono wangu ilikuwa kwenye kichupa kimoja kwa muda mrefu kuliko rangi ilivyohitaji.

Jumamosi mkaguzi akaja na kitambaa cheupe, akakitandika chini ya lori, akaliwasha, akaliacha lingurume huku anakunywa chai ya mdogo wangu. Hakuna tone. Akasema hajawahi kuona lori la umri ule likiwa safi namna ile, na kwamba mimi ni fundi hasa. Nilitamani kumzaba kofi. Polepole akapanda kebini, akaniangalia kupitia kioo, akatoka getini kwa mwendo wake uleule, mpaka nikaona afadhali angeendesha kama watu wengine, kuondoka kwake kuishe.

Boksi la usiku uliopita lilikuwa limebaki pale lori liliposimama. Nikaliokota. Kavu kabisa. Maisha yangu yote boksi kavu limekuwa furaha yangu, lakini lile nililikunja, nikaenda nalo nyuma ya stoo, nikalia.

Baada ya hapo nikafanya kazi. Ungetaka nifanye nini? Mvua zikaja, vumbi likarudi. Ile nafasi yake ukutani sikumpa mtu, na madereva walipolalamika kwamba wanabanana wakati pale pako wazi, niliwajibu majibu ambayo mdogo wangu alinitaka niyapunguze makali. Injini yoyote ya zamani ikikata kona, mikono yangu ilisimama yenyewe. Nikishajua siyo, iliendelea.

Simu alipiga mara mojamoja, kwani huko milimani mtandao ni wa kubahatisha. Aliuliza hali, nikasema nzuri. Nikauliza lori, akasema kavu. Nikasema vizuri. Tukasikilizana tunavyohema mpaka salio lake likaisha. Simu ikishakatika ndipo maneno yote yalipokuja, mazuri, yamejipanga, na wa kumwambia hayupo. Na jambo lililonitesa zaidi ni maneno yangu mwenyewe. Nani alinituma kumwambia aje na gari kavu? Gari kavu haliendi gereji. Nilikuwa nimeifunga njia pekee aliyoijua, tena kwa hasira, tena mbele ya mashahidi.

Mdogo wangu aliacha kutaja shemeji. Nadhani alinihurumia. Nilitamani alitaje, nipate sababu ya kurusha tambara.

Halafu mchana mmoja nilikuwa nimelala chini ya basi dogo, mrija wa breki mdomoni, nikasikia mngurumo kwenye kona. Mikono ikasimama kama kawaida yake. Nikangoja ijulikane kuwa siyo. Ukazidi kukaribia, taratibu, taratibu mno, na kengele ya baiskeli ikaupita. Nikabaki palepale chini. Niliona magurudumu yakiingia getini, yakapinda bila kuuliza, yakaenda kusimama ukutani kwenye nafasi yake.

Nikatoka nikijifuta mikono. Sikumsalimu kwanza, usinishangae, mtu hufanya anachokijua. Nikavuta boksi, nikalisukuma chini ya lori. Nikachukua taa nikaingia, nikapita bolti moja baada ya nyingine, kava la tapeti, swichi, pampu, filta. Vumbi la milima lilikuwa limeganda kila mahali, nikalifuta kwa kidole gumba, na chini yake ile mistari myekundu ilikuwa mizima, yote, imenyooka kama nilivyoiacha. Nilikaa chini ya lile lori muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka macho yakakauka.

Nilipotoka alikuwa amesimama karibu na kreti lake, kofia mkononi. Amekonda kidogo, na ndevu zimeingia mvi.

"Lina nini?" nikamuuliza.

"Halina kitu."

"Sasa umefuata nini?"

Langoni wanywaji chai walikuwa wamegeuka wote, na mlinzi naye, na mimi nikamwombea kimoyomoyo.

"Nimekufuata wewe," akasema.

Akaketi kwenye kreti. Nami nikaketi kwenye tairi kando yake, tukalitazama boksi lile chini ya lori kana kwamba kuna tone tunalolingoja. Mdogo wangu akaja na kikombe mbiombio hata chai ikamwagikia kisahani. "Karibu nyumbani, shemeji," akasema, na hapohapo akainama, kama ilivyokuwa desturi, akingoja tambara.

Nikampokea kile kikombe. Nikakionja, nikamrudishia.

"Umetia sukari," nikamwambia. "Umeshasahau shemeji yako anavyokunywa?"